Daktari Akiuliza Unakunywa Ngapi, Mwambie Ukweli

Wasee, tuongee. Macho yakigeuka manjano, daktari atakuuliza: unakunywa pombe kiasi gani, na ya mwisho ilikuwa lini? Wengi wetu hujibu, "Kidogo tu, wikendi."

Shida ni kwamba hakuna kipimo kimoja cha kuonyesha ini limevimba sababu ya pombe. Daktari huunganisha vitu. Anapima damu: bilirubini imepanda, AST imepita ALT, mara nyingi kwa zaidi ya mara 1.5, na zote kawaida haziwi juu ya 400. Anapima hepatitisi B na C, anauliza dawa unazomeza, kisha picha ya tumbo aone kama njia ya nyongo imeziba. Akibaki na shaka, ndio anaweza kutoa kipande kidogo cha ini.

Lakini bila jibu lako la kweli, atatafuta ugonjwa mwingine huku wewe unaendelea kutei. Na hii kitu ikiwa kali huua kwa wiki chache tu.

Nanyi madaktari wetu, tafadhali: msituulize hayo mbele ya mama. Mwambieni asubiri nje kwanza, halafu mtausikia ukweli.