Wa bweni wote sifuri??

Nilisema nikirudi kutoka fildi Ihanda nitaandika kuhusu migomba na baridi ya Karagwe, hiyo ingojeni kwanza. Kuna ubishi wa hosteli haujaisha, leo nauleta hapa.

Jamaa zangu wa kompyuta wanasema PHP ni tamu kwa sababu haikubani. Sifa ya kitu unaiita kwa jina linalokuja na data yenyewe, $this->$somo = $alama, na kama sifa haipo inaundwa papo hapo. Mstari mmoja, masomo yote. Mie nasema huo ni uvivu, na anayelipia ni mtoto wa watu.

Kuna shule (jina kapuni) nilikuta ina programu ya matokeo ya namna hiyo. Klasi mama, Mwanafunzi, imeweka kemia, hesabu n.k. kuwa sifa za faragha, zote zinaanza na 0. Klasi ya wa bweni imerithi, halafu ikaongeza njia yake ya kupokea alama, yenye mstari ule ule. Mwalimu anaingiza 71, skrini inamwonyesha 71, anaridhika. Ripoti ikitoka: 0. Wa kutwa salama, wa bweni wote sifuri, na orodha ya kuita wazazi ilishaanza kuandikwa!

Kisa? Klasi mtoto haioni kilicho cha faragha kwa mama. Ikiambiwa iweke kemia, inajiundia kemia nyingine kimya kimya, wakati wastani unapigwa na klasi mama inayosoma ile yake. Mwanafunzi mmoja, kemia mbili. Ni kama baba kafungia sanduku la pesa chumbani, mtoto anatumwa akaweke hela sandukuni, halioni, anachonga jingine. Baba akifungua lake halina kitu, na hakuna aliyeiba.

Mtaniambia toleo la 8.2, la Desemba 2022, linatoa onyo. Onyo tu jamani, programu inaendelea! Na wapo wajanja wanaobandika #[AllowDynamicProperties] juu ya klasi mama ili kelele ziishe, na ruhusa hiyo nayo inarithiwa na watoto wote. Umemnyamazisha mbwa, mwizi bado yumo ndani.

Halafu nani kasema wa bweni ni klasi nyingine? Mtoto akihama kutwa kwenda bweni mwezi wa saba, kitu hakibadili klasi yake, inabidi uunde kipya na kuhamisha alama moja moja. Bweni ni sifa tu, ndiyo au hapana. Ila sisi tulifundishwa urithi kwa mbwa na paka ni wanyama, basi kila tukiona makundi mawili tunarithisha...

Tangazeni masomo yote. Alama zipite njia moja ya klasi mama, na jina lisilojulikana likataliwe kwa sauti, hata ile "kemla" aliyoichapa mwalimu aliyechoka saa sita usiku. Mistari kumi na tano zaidi. Haya, nyie wa mstari mmoja, njooni mnieleze hiyo kumi na tano inamuuma nani.