Kabichi Ndogo za Brussels Uani



Tumefikiwa na swali la dada yetu wa pwani ambaye sasa makazi yake ni Kiandutu, Thika. Kwa akiba ya jikoni alinunua mbegu za kabichi ndogo za Brussels, akazipanda uani katika magunia. Mashina yalirefuka, majani yakanawiri, lakini vile vikabichi vinavyochipua kwapani mwa majani vikachanuka bila kufumba. Auliza: ang'oe atupe?

Twamsihi asitupe. Mmea huo ni jamii moja na sukuma wiki, na majani yake hupikwa yakalika. Kosa si la mkono wake, ni la majira. Vikabichi hivi hukazwa na baridi. Nasi tulijaribu Mombasa, tukavuna majani matupu. Lakini Thika imeinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na kipupwe chake ni Juni hadi Agosti. Basi mbegu ziatikwe Machi, miche ihamishwe Aprili, mmoja kwa kila gunia. Maji yaliyooshea mboga yasimwagwe, yanywesheni magunia. Vikabichi vikikaza, vichumwe kuanzia chini kupanda juu.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba akipandacho Muislamu, kikaliwa na mtu, ndege au mnyama, huwa ni sadaka yake. Basi majani yakizidi, jirani naye apelekewe fungu.

Wabillahi tawfiq.