Si kila kikohozi cha damu ni kifua kikuu

KUKOHOA damu ni ishara ambayo wengi katika Bonde la Ufa huifasiri papo hapo kuwa kifua kikuu. Dhana hiyo si ya kubezwa, kwani Kenya ingali inalemewa na maradhi hayo. Hata hivyo, kwa mgonjwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, yaweza kumgharimu maisha.

Warfarin hupewa wenye vali bandia za moyo, waliogandwa na damu miguuni au mapafuni, na wale ambao mioyo yao iliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Nguvu yake ikipita kiasi, damu huweza kuvuja popote, hata ndani ya mapafu. Kuvuja huko ni nadra lakini ni hatari, na wapo wasiokohoa damu kamwe. Huishiwa pumzi na kupungukiwa damu tu.

Ugumu ni kwamba tiba za ishara hii moja hupingana. Iwapo dawa imezidi, husimamishwa na mgonjwa hupewa vitamini K. Iwapo donge la damu limeziba mshipa wa pafu, huhitaji dawa iyo hiyo ya kuzuia damu kuganda. Na iwapo kweli ni kifua kikuu, rifampicin anayopewa hupunguza makali ya warfarin, hivyo kipimo cha dawa hulazimika kuongezwa. Tiba hiyo ikiisha bila warfarin kupunguzwa tena, hatari ya kuvuja damu hurudi.

Ndiposa makohozi yapimwe, na damu pia ipimwe kwa kipimo kiitwacho INR. Kwa wagonjwa wengi, matokeo hutakiwa yawe kati ya 2 na 3.

Eldoret imethibitisha kwamba kazi hii yawezekana. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, wafamasia walianzisha kliniki ya kufuatilia wagonjwa hawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2011 yalionyesha kuwa miongoni mwa wagonjwa 178, damu ilikuwa katika kiwango kinachofaa kwa asilimia 64.6 ya muda, na waliovuja damu vibaya walikuwa asilimia 1.25 kwa mwaka.

Lakini kliniki iliyo Eldoret ina faida gani kwa mgonjwa wa Lodwar, aliye zaidi ya kilomita 300 kutoka huko, anapoanza kukohoa damu usiku?

Wapo wanaotegemea dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho. Kwa mioyo iliyoharibiwa na baridi yabisi, tumaini hilo lilipata pigo mwaka wa 2022, pale utafiti uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika mataifa 24 ulipobaini kuwa waliotumia dawa za jamii ya warfarin walifariki kwa uchache kuliko waliopewa rivaroxaban.

Warfarin basi ingalipo, na kipimo chake hakina budi kuwepo. Huduma za afya ziligatuliwa mwaka wa 2013. Mashine ndogo inayopima tone la damu ya kidoleni haipaswi kuishinda kaunti yoyote. Mgonjwa naye amwambie kila mhudumu, kabla ya jambo jingine lolote, kwamba anatumia dawa hiyo.