Kahawa ya Ruiru Iingie Darasani

Kila Jumamosi asubuhi utawaona katika barabara kuu ya Thika: mameneja wa viwanda, wahasibu na wakuu wa idara, wakielekea darasani badala ya kupumzika. Wanasomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara iliyopangwa kwa wakubwa walio kazini, mtindo ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 1943. Somo linalowavutia wengi ni mikakati na ubunifu.

Juhudi hizo ni za kupongezwa. Lakini waulize wamesoma mifano ipi. Watakusimulia habari za Kodak, ambayo mhandisi wake aliunda kamera ya dijitali mwaka wa 1975, nayo kampuni ikafilisika mwaka wa 2012. Mfano mzuri, sikatai. Ila nimewahi kuwauliza wanafunzi wa aina hiyo kuhusu Ruiru 11, wakanitazama kana kwamba nimetaja nambari ya matatu.

Ruiru 11 ni aina ya kahawa iliyotolewa mwaka wa 1985 na watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru. Ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa yangali mtini, ambao uligunduliwa nchini mwaka wa 1922, ulikuwa umewatia wakulima hasara kubwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Watafiti wakapata mche unaohimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani, tena mfupi, unaoweza kupandwa kwa kubanana.

Mbona basi wakulima wengi walibaki na SL28 na SL34? Mbegu ilikuwa chotara, iliyopatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, hivyo miche ikawa adimu. Wanunuzi nao walinung'unika kuhusu ladha. Isitoshe, mkulima anayeng'oa mibuni ya zamani hukaa miaka kadhaa akingojea mavuno, na karo ya watoto haingojei. Mwaka wa 2010 ilitolewa Batian, ambayo mbegu zake hufuata mzazi na hivyo ni rahisi kuzalisha. Ni kitabu gani cha mikakati kitakachomfunza meneja mambo zaidi ya hayo kuhusu ugavi, soko na nani hubeba hasara?

Msomaji atauliza mwanaisimu anatafuta nini katika kahawa. Kiswahili kina buni ya kahawa na kubuni kwa akili. Sidai kwamba maneno hayo ni ya asili moja, lakini yanatukumbusha kwamba lugha ya kuzungumzia mambo haya tunayo. Hata hivyo, tasnifu kuhusu kiwanda cha Thika huandikwa kwa Kiingereza, ikawekwa maktabani, na wafanyakazi waliohojiwa wasijue iliamua nini juu yao. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Basi kila mwanafunzi wa shahada hii aandike muhtasari kwa Kiswahili na kuusoma mbele ya wale aliowatafiti, wamhoji.

Wapo watakaosema istilahi hazitoshi. Walisema hivyo hivyo kuhusu isimu, na leo tunafundisha fonimu na mofimu bila kigugumizi.

Walimu wa vyuo vya Juja na Thika waanze na Ruiru 11, tena mapema. Mashamba ya kahawa ya eneo hilo yanageuzwa mitaa ya nyumba, na wazee walioipanda miche ile ya kwanza bado wanaweza kuhojiwa.