Dhiki Haimfundishi Aliyefungwa Mikono

Mara kwa mara, katika mahafali ya shule na katika mikutano ya wafanyakazi, huhubiriwa kwamba dhiki ni mwalimu, na kwamba mwananchi aliyepatwa na shida hana budi kujifunza uvumilivu. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini hutamkwa kwa wepesi mno, hasa na wale ambao dhiki yenyewe haikuwafika. Yafaa ipimwe mahali ambapo dhiki imepita kweli kweli, na mahali pamoja pa namna hiyo ni milima ya Usambara, huko Malindi, Shume na Mlalo, wilayani Lushoto. Malindi hii si ile ya pwani ya Kenya yenye minazi na bahari. Hii ni ya baridi, ukungu na viazi.

Mwaka 1980 tauni ilizuka katika kijiji cha Mkunki wilayani humo. Kuanzia hapo hadi mwaka 2004 watu zaidi ya 7,000 waliugua na zaidi ya 600 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mwaka 1991 peke yake wagonjwa waliohesabiwa nchini walipita 1,000, na Lushoto ndiyo iliyokuwa kitovu. Huu ndio ugonjwa ambao katika karne ya 14 uliangamiza sehemu kubwa ya watu wa Ulaya. Mgonjwa hushikwa na homa kali, mitoki ikavimba kinenani au kwapani, na asipotibiwa mapema huweza kufa katika siku chache. Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa zake zilijulikana tangu zamani na si za ajabu. Wengi walikufa kwa kuchelewa: huyu alianzia kwa mganga wa jadi, yule alikuwa na milima miwili kati yake na zahanati.

Mtumishi asiyeifahamu nchi ile alikuwa mwepesi wa kusema kwamba huo ni ujinga. Ujinga upi? Mkulima aliweka mahindi darini kwa sababu ndipo palipo pakavu, na moshi wa jiko huyakinga na wadudu. Watoto walilala chini kwa sababu kitanda kilikuwa kimoja. Panya hufuata mahindi, kiroboto hufuata panya, na panya akifa kiroboto hutafuta damu ya aliye karibu, naye ni mtoto aliyelala sakafuni. Kila tendo katika mnyororo huo lilikuwa na sababu yake, na nyingi ya sababu hizo ni umaskini tu.

Hata hivyo watu walijifunza. Walijifunza kwamba panya wanaokufa ovyo nyumbani ni habari ya kupelekwa kwa kiongozi wa kijiji siku hiyo hiyo. Walifungua milango ili dawa ya viroboto inyunyizwe. Wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, walitega panya na kuhesabu viroboto kijiji hadi kijiji. Baada ya mwaka 2004 wagonjwa hawakuonekana tena kwa wingi ule. Haitakuwa haki kudai kwamba ushindi wote ni wa binadamu, kwani tauni ina desturi ya kujificha kwa miaka mingi na kisha kurudi. Lakini mama aliyemzika mtoto mmoja, kisha akambeba wa pili usiku kwenda zahanati badala ya kungoja asubuhi, alikuwa amejifunza jambo. Aliweza kulitumia somo lake kwa kuwa zahanati ilikuwapo na dawa ilikuwamo. Kama angeikuta imefungwa, moyo wake wote ule usingemsaidia kitu.

Milima hiyo hiyo ina ushahidi wa kinyume chake. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliona, na iliona sawa, kwamba udongo wa Usambara ulikuwa ukichukuliwa na mvua. Kuanzia mwaka 1946 katika bonde la Mlalo, na baadaye kwingineko milimani, wakulima waliamriwa kuchimba matuta, na aliyekaidi aliadhibiwa. Wasambaa walikuwa na msemo wao wa tangu zamani wa kuiponya nchi, kuzifya shi, na kinyume chake, kubana shi, yaani kuiharibu. Hawakuhitaji kufundishwa kwamba nchi huumwa. Walichokataa ni kazi nzito, iliyowaangukia zaidi wanawake, katika mashamba madogo yasiyotosha, kwa amri ya watu ambao hawakuwauliza lolote. Mpango ukavunjika kabla ya uhuru. Matuta yalipoachwa, wakubwa waliandika kwamba wenyeji hawapendi mabadiliko.

Mwaka 1981 kazi ya kuzuia mmomonyoko ilianzishwa upya Lushoto, safari hii kwa ushirikiano na Wajerumani. Mkulima alishauriwa kupanda majani ya Guatemala kwa mistari inayokingama mteremko. Majani hayo hushika udongo, na pia hulisha ng'ombe aliyefungwa zizini, ambaye hutoa maziwa na samadi. Si kila mtu aliyapanda, lakini aliyeyapanda aliona faida kabla ya kuchoka. Udongo ulikuwa ule ule na mvua ile ile.

Kwa hiyo mwalimu anayemwambia kijana wa darasani avumilie, na ofisa anayewaambia wanakijiji wajifunze kutokana na shida, wana swali la kujibu kwanza: huyo anayefundishwa ataachiwa nafasi gani ya kutenda alichokielewa? Mtumishi anayehamishiwa milimani hulijua swali hili kwa upande wake, pale mshahara unapochelewa na barua zake zisijibiwe. Hapo hapendi kuhubiriwa uvumilivu.

Watoto waliozaliwa Malindi baada ya mwaka 2004 sasa ni watu wazima. Hawakuiona tauni ile, nao wanaweza kuweka mahindi juu ya kitanda bila kufikiri mara mbili. Wazee walioiona bado wapo na wanazungumza vizuri. Mwalimu wa maarifa ya jamii akiwaalika shuleni mchana mmoja, hahitaji kibali wala fungu la fedha kutoka wilayani.