Umedhamini Mzinga wa Nyuki? Uliza Kwanza Kama Kuna Nyuki Ndani

Tuelewane mapema: mzinga tunaouongelea hapa si ule wa Ijumaa jioni. Huu ni wa nyuki, na siku hizi nao una wadhamini kama timu ya boli.

Stori iko hivi. Unatuma doo mtandaoni, jina lako linawekwa kwenye mzinga mahali hujawahi kufika, unapata cheti, picha na pengine chupa ya asali. Unaposti na "Okoa nyuki," wasee wanakulaiki, maisha yanasonga. Ulaya na Marekani hii kitu imekuwepo kwa miaka, na michango mingine ya aina hiyo inafika mpaka hapa kwetu. Lakini ukishafunga simu, mambo yakienda mrama nani anabaki na hasara?

Twende Sagalla, karibu na Voi. Wakulima wa huko wanapakana na Tsavo East, na ndovu wakishuka usiku, shamba la mahindi linaisha kabla jogoo awike. Shirika la Save the Elephants, kupitia mradi ulioanzishwa na Dkt Lucy King, limewasaidia wakulima kuzungushia mashamba ua wa mizinga. Mzinga wa kweli, kisha feki wa mbao, vinapishana kila mita 10 na vimeunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatingika na nyuki wanatoka na hasira zote. Na yule jamaa, licha ya ile ngozi yake, hataki kuumwa machoni wala ndani ya mkonga. Mkulima anabaki na mahindi yake, na juu yake anauza asali.

Na ua unafanya kazi kweli. Utafiti uliochapishwa 2024, ulioangalia mashamba ya Sagalla kwa miaka kadhaa, ulionyesha kwamba msimu mazao yamekolea, ua ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia.

Utafiti huo huo ulisema kitu kingine ambacho hutakipata kwenye tangazo. Ukame wa 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki kwa asilimia 75, na asali ikabaki chini kwa miaka mitatu iliyofuata. Nyuki wa huku hana mkataba na mtu, manze. Maua yakiisha na maji yakikauka, anahama.

Sasa piga picha hiyo hali. Wewe uko Umoja, au Berlin, cheti kiko ukutani. Mathee wa shamba ana mzinga mtupu wenye jina lako na ndovu wanarudi. Doo yako ilinunua mbao na waya, poa. Je, ilinunua maji ya kuwekea nyuki kiangazi? Nguo za kuvunia? Mtu wa kupita kukagua mizinga? Hiyo kazi isipolipwa, mathee anaifanya bure, na kuumwa anaumwa yeye.

Watafiti wa Sagalla nawapa heshima kwa kuanika namba mbaya pamoja na nzuri. Msee anayekutumia picha ya nyuki ya mwaka juzi huku mzinga uko mtupu, huyo ni wash wash, hata kama hakula shilingi yako. Vilevile mzinga mmoja ukipewa wadhamini ishirini si dhambi, bora kila mmoja wao aambiwe kabla ya kulipa.

Halafu kuna hiyo "Okoa nyuki" yenyewe. Nyuki wa asali ni mifugo. Kwa hesabu za FAO, mizinga duniani leo ni mingi kuliko miaka ya 1960. Wanaoumia zaidi ni nyuki wa porini, wale hawana mzinga wala asali ya kuuza, na wanakula maua yale yale. Ukiongeza mizinga bila kuongeza maua, ni kama kuingiza ng'ombe zaidi Tsavo ukidai unaokoa wanyama. Uswisi, mizinga kwenye miji 14 ilipanda kutoka 3,139 mwaka 2012 hadi 9,370 mwaka 2018, na watafiti wakaonya kwamba maua ya mijini hayatoshi.

Na usidhani doo ya udhamini huja bila masharti. Chama cha wafugaji nyuki cha Uingereza, BBKA, kilikuwa kikipokea pesa za kampuni za dawa za kuua wadudu, zikiwemo Bayer na Syngenta, kwa kuidhinisha baadhi ya dawa zao. Ndiyo, dawa za kuua wadudu. Kelele zikawa mob, na 2010 chama kikatangaza kinaachana na hiyo dili.

Kwa hivyo ua wa Sagalla uuzwe kwa jina lake halisi: unalinda mahindi ya mkulima na unapunguza vita kati yake na ndovu. Hiyo pekee inatosha kumfanya mtu atoe thao mbili.

Kabla ubonyeze "lipa," waandikie. Mzinga ni wa mkulima au wa shirika? Asali inauzwa na nani, na mkulima anapata ngapi kwa kilo? Omba pia picha ya Septemba, wakati kumekauka, si ile ya Mei. Wakikujibu kwamba mzinga wako kwa sasa uko mtupu na wamepeleka maji wakingoja mvua za vuli, watumie doo.