Safari ya Mwaka Huu Iwe ya Mahema

Tangazo limeshabandikwa. Safari ya serikali ya wanafunzi mwaka huu, kama mwaka jana na mwaka juzi, ni Zanzibar: basi mpaka Dar, boti, hoteli siku tatu, picha Forodhani, halafu turudi. Kwa sisi tunaosoma kwa mkopo, mchango wake unameza boom karibu lote. Ndiyo maana kila mwaka wanakwenda walewale, na sisi wengine tunaangalia picha kwenye magrupu ya WhatsApp.

Sina ugomvi na Zanzibar. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kudhani kwamba kutembea ni lazima uende mbali, na kwamba kulala kwenye hema ni mambo ya Wazungu wenye Land Cruiser. Ninapendekeza jambo jingine, na ninalipendekeza nikiwa nimeshalijaribu: wiki moja, gari la kukodi, mahema, kutoka Magu mpaka Rubondo kwa kufuata mwambao wa Ziwa Victoria.

Septemba mwaka 2025, baada ya mazoezi ya kufundisha, tulikwenda watu 14 kwa Hiace moja. Tulichangishana. Mahema matano tuliazima, mawili tukakodi mjini Mwanza. Chakula tulibeba kutoka kwetu Magu: unga, maharage, na gunia dogo la michembe na matobolwa. Wale wenzetu wa mikoa mingine walicheka sana kuona viazi vikavu, lakini siku ya tatu, mkate ulipoota ukungu, walinyamaza. Msukuma alikuwa na chakula cha kambini kabla hema halijafika nchi hii.

Na tukisema ukweli, hata hilo neno kambi si geni kwetu. Mtu yeyote aliyekulia kando ya ziwa anajua makambi ya wavuvi: vibanda vya nyasi na maturubai, dagaa wameanikwa mchangani, watu wamelala hatua chache kutoka kwenye mitumbwi yao. Wachungaji wanaohama na ng'ombe kiangazi nao wanalala nje. Kwa hiyo anayesema kulala porini si utamaduni wetu amemsahau mjomba wake. Kilicho kigeni ni kulala nje kwa hiari, kwa ajili ya kuona na kujifunza. Hapo ndipo mimi, kama mwanafunzi wa ualimu, ninataka tubishane.

Chukua somo la jiografia. Wote tumekariri kwamba Ziwa Tanganyika liko ndani ya Bonde la Ufa na lina kina cha mita zipatazo 1,470, ilhali Victoria ni sehemu ya ardhi iliyobonyea katikati ya mikono miwili ya bonde hilo, na kina chake hakizidi sana mita 80. Nimeliandika hilo kwenye mtihani mara mbili na nikapata alama zangu. Lakini usiku wa pili wa safari tulipiga kambi upande wa Magu, kwenye Ghuba ya Speke, na asubuhi dada mmoja wa mwaka wa kwanza kutoka Kigoma akasimama akashangaa: mbona hakuna mteremko? Kwao milima inaingia majini ghafla, hapa ardhi inalala tu taratibu mpaka inakuwa maji, huoni hata ilipoishia. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake maana ya ziwa la kina kifupi. Sasa fikiria huyo dada akiingia darasani miaka mitatu ijayo, na fikiria mwalimu mwingine ambaye Victoria anaijua kwa ramani ya ukutani.

Usiku huohuo tuliona kitu kingine. Ilikuwa wiki ya giza, mwezi haupo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa sababu wanafuata taa. Mwezi ukiwa mpevu nuru ya taa haina nguvu, na wavuvi wengi wanapumzika. Basi ziwa lote mbele yetu lilikuwa na taa, mamia, kama mji uliojengwa juu ya maji. Wenzetu wa biolojia walikaa mpaka saa saba wakijadili kwa nini samaki afuate mwanga. Wakatoka hapo wakaingia kwenye sangara, aliyeletwa ziwani humu na watu katikati ya karne iliyopita, na furu ambao aina zao nyingi zimepotea baada yake. Nimehudhuria semina nyingi chuoni. Hiyo ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeangalia simu, ingawa nakiri mtandao nao ulikuwa hafifu.

Kabla ya hapo tulilala Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Nashangaa kila mara ninapokutana na mwanafunzi wa Mwanza mwaka wa tatu ambaye hajafika, maana ni daladala tu. Pale kuna jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, kuna ngoma za watemi, kuna habari za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ambayo ushindani wao ni mkali kuliko wa Simba na Yanga. Aliyeanzisha kituo hicho ni padre kutoka Kanada, David Clement. Naliacha hilo swali hapo: ilikuwaje padre wa Kanada aone thamani ya ngoma zetu mapema kuliko sisi tunaojiandaa kufundisha historia?

Kutoka Magu tulikwenda mpaka Lamadi na lango la Ndabaka, pale Serengeti inapokaribia ziwa kabisa. Watu wengi wanadhani Serengeti ni ya Arusha. Lango hilo liko kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Basi linapita mbele yake. Hapo pia ndipo nilipoelewa kwamba mwambao si mandhari tu. Wilaya ya Bunda, kata ya Nyatwali, wananchi wametakiwa kupisha ili wanyama wafike ziwani bila kizuizi. Ndani ya gari letu tuligawanyika vipande viwili juu ya jambo hilo, wa uhifadhi upande mmoja, watoto wa wavuvi upande mwingine, na hatukumaliza. Mjadala ule ulikuwa mzito kwa sababu nyumba tulikuwa tunaziona.

Halafu tuligeuza gari tukarudi magharibi. Zamani safari hii ilikuwa inakufia Kigongo, kwenye foleni ya kivuko. Tangu tarehe 19 Juni 2025 kuna daraja la J. P. Magufuli, kilomita tatu juu ya maji mpaka Busisi, na ukishavuka unakwenda Sengerema, Geita, Chato bila kupanda chombo. Hii ndiyo sababu kubwa ninayosema mwaka huu ndio wakati wake. Daraja limefungua njia ambayo wanafunzi waliotutangulia hawakuwa nayo, na sisi tumelitumia kupiga selfi.

Msitu sasa. Ukitoka Magu na kupita Usukumani, utauliza miti iko wapi. Jibu lake ni refu na linafaa somo zima. Wakati wa Waingereza vichaka vya Usukumani vilifyekwa kwa makusudi, kwa nguvu za wananchi, ili kuwafukuza mbung'o wanaoleta malale na nagana. Ardhi ikawa ya pamba na mifugo, na kuni zikazidi kukatwa. Miaka ya baadaye serikali hiyohiyo ya nchi huru ikabidi irudishe ilichokikuta kimefyekwa: mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua ngitili, yale maeneo ya malisho ambayo wazee walikuwa wanayafunga ili majani na miti vipumzike. Tulipita tambarare za Magu hazina kivuli, na siku nne baadaye tukawa ndani ya Rubondo. Hakuna mhadhara unaoweza kukupa tofauti hiyo kwa namna ile.

Rubondo ni kisiwa, na hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Unafika kwa boti fupi kutoka Kasenda, Chato. Kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi, si cha dola, na asikudanganye mtu kwamba hicho ndicho kinachotuzuia. Kilichotugharimu zaidi ni gari na boti. Msitu umefika mpaka majini. Kuna nzohe, kuna tembo, kuna ndege ambao sikuwahi kuwaona kwenye kitabu. Na kuna sokwe ambao hatukuwaona, ila tuliwasikia asubuhi, sauti moja ikaanza kisha nyingine zikaitikia mpaka watu wakatoka kwenye mahema wakiwa na mablanketi. Hao sokwe si wa asili ya pale. Waliletwa kati ya mwaka 1966 na 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, wakafunguliwa, wakaachwa wajitafutie. Kabla ya hapo kisiwa kilikuwa na watu, ambao walihamishwa. Askari wa hifadhi alipotueleza hayo, kijana mmoja wa kundi letu akasema, "Kwa hiyo sokwe aliyetoka kizimbani aliaminiwa kulala msituni, sisi watu wazima tunaombewa ruhusa na baba." Tulicheka, ila wasichana tulicheka kidogo.

Maana hapo kuna jambo. Wasichana waliotaka kuja walikuwa tisa, tulikwenda wanne. Watano walikatazwa nyumbani, na siwalaumu wazazi kama wengine wanavyowalaumu. Mzazi wa kanda hii akisikia ziwa anakumbuka MV Bukoba ya Mei 1996 na MV Nyerere ya Septemba 2018. Akisikia hema na wavulana anakumbuka mengine. Mama yangu aliniuliza maswali kwa jioni mbili. Kilichomlainisha ni karatasi: ratiba ya kila siku, jina la mahali pa kulala, namba ya mtendaji wa kijiji, na jina la mwalimu wa kike aliyekubali kusafiri nasi. Lakini karatasi hiyo niliiandika mwenyewe, kwa sababu safari haikuwa ya chuo. Ingekuwa na muhuri wa serikali ya wanafunzi, naamini tungekuwa tisa.

Kuna na hatari zenyewe, tusifichane. Kichocho kipo kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kwa hiyo kuoga ziwani kwa sababu maji yanapendeza hapana. Tulichota, tukachemsha, tukaogea ndoo. Viboko hutoka usiku kula majani, na mamba wapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ufukweni kuwa eneo la kulindwa, na hata kama hema halijengi msingi, sisi tuliichukua kama kipimo chetu: hakuna hema ndani ya mita hizo. Ni sheria nzuri kwa ziwa, na nzuri kwa miguu yako. Chandarua ni lazima. Na usije Machi au Aprili, hema litaelea.

Kilichotuchosha kuliko mamba ni ruhusa. Nje ya hifadhi, huku upande wetu, hatukukuta mahali palipotengwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Kitanzania mwenye hema lake na elfu tano mfukoni. Ofisi moja njiani ilitutaka barua tatu, tulipozileta ikatuuliza sisi ni watalii au ni wanafunzi, kana kwamba mtu hawezi kuwa vyote viwili. Mwishowe tulilala uwanja wa shule ya msingi, ilikuwa likizo, kwa idhini ya mwalimu mkuu aliyetuchekea na kutuletea kuni. Halmashauri zenye ufukwe zikitenga robo eka tu, choo na bomba, na zikaweka bei ya mwananchi, zitapata hela ambayo leo hazipati. Hilo tunaweza kuliandikia barua kama chuo, maana halmashauri hizo ndizo zitakazotupokea tukiwa walimu.

Kuna wanaosema tusiwanyime watu bahari, kwamba kuna mwanafunzi hajawahi kuona maji ya chumvi na Zanzibar ni ndoto yake. Ninamheshimu. Lakini fedha za safari ni za wanachama wote, zikiwamo za yule ambaye hawezi kulipa nyongeza. Kwetu sisi 14, wiki nzima pamoja na Rubondo kila mmoja alitoa pungufu ya nusu ya mchango ulioandikwa kwenye lile tangazo. Mwenye ndoto ya Zanzibar aende na wenzake likizo. Ruzuku ya umoja iende kwenye safari ambayo mtoto wa mkulima wa pamba anaimudu.

Ninachoomba kwa bunge la wanafunzi ni kidogo. Tununue mahema kumi ya watu watatu, yawe mali ya umoja, yaazimwe kwa vitambulisho kama tunavyoazima vitabu. Tupate barua moja ya chuo inayotambulika. Idara ya elimu ikubali kuwatuma walimu wawili, mmoja awe mwanamke, na ikubali ripoti ya safari iwe kazi ya kozi kwa wanaosoma jiografia, biolojia na historia. Gari la kwanza liondoke Septemba, wiki ya giza.

Kikao cha bajeti kiko mwezi ujao na kipengele cha safari bado hakijapitishwa. Mbunge wa darasa lako unamjua. Mimi wa kwangu nimeshampelekea ratiba, na ameniuliza swali moja tu: michembe inapikwaje.